Mwangwi katika Kaswida: Pambo au Pazia?

Sauti njema ni katika neema kubwa za Mwenyezi Mungu, na kila neema ina shukrani yake. Katika Sura ya Saba-i, aya ya 10, twaelezwa kuwa milima iliamrishwa irejeze tasbihi pamoja na Nabii Daud (a.s.), na ndege kadhalika. Wanavyuoni wa tafsiri wameifahamu aya hiyo kuwa milima nayo ilisabihi, wala haikuwa ni sauti iliyogonga jiwe ikarudi basi. Baina ya mambo mawili haya, kuitikia na kurudisha sauti, pana tafauti kubwa. Juu ya tafauti hiyo ndipo tutakaposimama leo katika kuzitazama kaswida zinazorekodiwa na vikundi vyetu, na huu mwangwi wa mashine unaotiwa ndani yake.

Kaswida za pwani zilijulikana tangu zamani kwa mambo matatu: maneno, dufu na waitikiaji. Sasa limeongezeka la nne, nalo ni fundi wa studio. Kikundi cha madrasa hukusanya fedha zake kidogo kidogo, kikaenda kurekodi katika chumba chenye maikrofoni na kompyuta, na mara nyingi kinachotoka humo hakilingani na kilichoingia. Sauti ya mtoto imekuwa kama ya mtu aliyesimama pangoni. Kila neno limeota mkia, na mkia wa neno la kwanza haujakatika, neno la pili limekwisha kufika. Msikilizaji hutikisa kichwa akasema, “Mashaallah, sauti hiyo!” Muulize kaswida ilisema nini, hana jawabu.

Hukumu ya ala za muziki ina maneno yake kwa wanavyuoni, na makala haya hayakuja kuyaamua. Wala hatusemi kuwa kompyuta ni kitu kibaya. Suala letu ni jengine: je, mwangwi huu unalitumikia neno au unalifunika? Ni pambo au ni pazia?

Kwanza na tufahamu mwangwi ni nini. Sauti husafiri hewani kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Mtu akisimama mita 17 mbele ya ukuta mkubwa akapiga kofi, sauti huenda mita 17 na kurudi mita 17, ikamfikia tena baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani milisekunde 100. Sauti ya pili ikiwahi sana, sikio huichanganya na ya kwanza likaziona ni moja. Katika maneno, ikichelewa zaidi ya kama milisekunde 50, sikio huanza kutambua kuwa ziko mbili. Basi fundi anapotia mwangwi huwa anamjengea msikilizaji ukuta usiokuwapo, na ni yeye anayechagua uwe umbali gani.

Ufundi huu haukuanza na kompyuta. Mashine ya utepe ina kichwa cha kurekodia na kichwa cha kusomea, na baina yao pana nafasi. Utepe ukienda inchi 15 kwa sekunde na nafasi ikiwa ni inchi 2, sauti hutoka imechelewa milisekunde 133 hivi. Kwa ujanja huo Sam Phillips, katika studio yake ya Sun mjini Memphis, Marekani, alizipa sauti za waimbaji wake katika miaka ya 1950 ule mrudio mmoja mfupi uliokuja kujulikana duniani. Uingereza ikatoa mashine ya Watkins Copicat mwaka 1958. Japani ikatoa Roland RE-201 mwaka 1974, ambayo utepe wake ulikuwa ukizunguka bila ya kuwa na mwisho. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa utaratibu wa VST, ukaziwezesha programu za kurekodi kubeba mitambo ya namna hii ndani ya kompyuta. Leo hata Audacity, programu inayopatikana bure, ina mwangwi ndani yake.

Na hapa ndipo penye mtihani. Zamani mashine hiyo ilikuwa ni mali ya kununuliwa, na mwenye kuinunua alifikiri mara mbili ataitia wapi. Leo haigharimu ila kubonyeza. Kisichogharimu hutumiwa bila ya kufikiriwa, na ndivyo chumvi inavyozidi chunguni.

Mwangwi katika programu hizi si mmoja. Tutataja aina nne, kila moja na hukumu yake.

Aina ya kwanza ni mrudio mfupi wa mara moja, wa milisekunde 80 hadi 140, kama ule wa Memphis. Ukitiwa kidogo huinenepesha sauti nyembamba bila ya kuisogeza mbali. Kwa mwimbaji mtoto, katika kaswida ya mwendo wa pole, si haba: unafaa. Sharti lake ni kuwa uwe chini sana ya sauti yenyewe. Unapoanza kusikika peke yake, mwimbaji huwa kama ana kigugumizi.

Aina ya pili ni mwangwi uliofungwa kwenye mapigo. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo katika dakika moja, utapata milisekunde za pigo moja. Dufu likienda mapigo 90, pigo moja ni milisekunde 667, nusu yake ni 333, na robo tatu yake ni 500. Programu hufanya hesabu hiyo wenyewe, na mwangwi ukaanguka sawasawa na dufu. Mafundi wengi hupenda ile robo tatu kwa sababu huleta mchezo.

Lakini pima hesabu hiyo juu ya shairi la Kiswahili. Tuchukue kipande cha mizani 8 ambacho kila silabi yake inachukua nusu ya pigo. Ukitia mwangwi wa milisekunde 333, kila silabi itamwangukia dada yake anayefuata, wawili wakasema kwa wakati mmoja. Ukitia wa milisekunde 500, kila mrudio utaangukia katikati ya silabi mbili, na mizani 8 zikasikika kama zinakaribia 16. Mshairi alikaa akihesabu kwa vidole ili mizani zisizidi wala zisipungue. Fundi amezizidisha kwa kubonyeza mara moja. Vina navyo hupata taabu hiyo hiyo. Kina cha kati kinapojirudia juu ya mwanzo wa kipande cha pili, sikio halijui tena pa kupumzika. Na tukumbuke kuwa kina chenyewe ni mwangwi: ni sauti ileile inayorudi mahali palipopangwa. Shairi lilikwisha kupambwa na mwenyewe kabla halijafika studio.

Je, aina hii ya pili haina mahali pake? Inapo, nayo ni mwisho wa ubeti, pale mwimbaji anaponyamaza. Mfano mzuri wa jambo hili tunaupata mbali na kwetu, mjini Kingston, Jamaika. King Tubby, ambaye jina lake hasa lilikuwa Osbourne Ruddock, aliyefariki mwaka 1989, alikuwa fundi wa vyombo vya umeme kabla ya kujulikana kwa kurekodi. Katika miaka ya 1970 alizichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa akaondoa sauti ya mwimbaji sehemu kubwa, kisha akaliacha neno moja tu lirudi na kurudi mpaka life. Hatutaji habari zake ili watoto wetu wazifuate nyimbo zile; twataja ufundi. Tubby alitangulia kuondoa, kisha ndipo akatia. Alifanya nafasi kwanza, mwangwi ukapata pa kukaa. Mafundi wengi wamechukua kwake huko kutia na kuacha huko kuondoa.

Aina ya tatu twaweza kuiita mwangwi wa mpira wa meza. Mrudio wa kwanza hutoka kushoto, wa pili kulia, wa tatu kushoto, kama mpira unaopigwa huku na huku. Kwa mwenye kuvaa spika za masikioni ni jambo la kustaajabisha. Lakini kaswida zetu husikilizwa wapi? Husikilizwa katika simu yenye spika moja, katika daladala, katika uwanja wa maulidi ambako vipaza sauti vyote mara nyingi vinatoa sauti moja. Hapo kushoto na kulia hukutana, mpira hauna pa kwenda, na kinachobaki ni rundo la marudio juu ya maneno. Fundi amepamba chumba ambacho mgeni hataingia.

Aina ya nne ni ile isiyosikika, na kwa maoni yetu ndiyo bora kuliko zote. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas, katika utafiti wake wa shahada, alionyesha kuwa sauti ya pili ikifika milisekunde chache tu, mpaka kama 30, baada ya ya kwanza, sikio huihesabu kuwa imetoka kule kule ilikotoka ya kwanza, hata kama ya pili ina nguvu zaidi. Mafundi wa vipaza sauti hutumia elimu hiyo katika kumbi ndefu. Spika iliyo mita 34 kutoka mbele huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 na kidogo juu yake, ili sauti ya mbele itangulie kufika na ile ya karibu iifuate papo hapo. Aliyekaa safu ya mwisho husikia maneno waziwazi na kudhani yanatoka kwa khatibu mwenyewe. Ni uchelewesho ule ule, mtambo ule ule, lakini huu umekuja kuliokoa neno. Hakuna anayeusifu kwa sababu hakuna anayeujua. Kazi njema ya mapambo inapaswa kukaribia hapo.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari, kwa Bibi Aisha (r.a.), kuwa Mtume (s.a.w.) alizungumza kwa utaratibu ambao mtu akitaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Na imepokewa humo kwa Anas (r.a.) kuwa alikuwa akirudia neno mara tatu ili lifahamike. Basi kurudia si aibu. Kuna marudio ya sunna. Lakini sababu yake imetajwa pamoja nayo: kufahamika. Marudio yanayoleta ufahamu na marudio yanayouondoa yamefanana kwa sura tu, kama yanavyofanana maji ya kisima na maji ya bahari.

Sasa tuje kwenye jambo linalotukera zaidi, nalo ni la waitikiaji. Kaswida ina mwangwi wake wa asili. Mwimbaji husema, kikundi kikaitikia. Baina ya mwisho wa sauti yake na mwanzo wa sauti zao pana nafasi ndogo ya pumzi, na katika nafasi hiyo ndipo roho ya kaswida ilipo: msikilizaji hungoja, naye nafsi yake humwambia aitikie. Mwangwi wa mashine ukiijaza nafasi hiyo, kiitikio hufika na kukuta kiti kimekaliwa. Kikundi kilichojifunza miezi mingi kuingia pamoja husikika kama kimechelewa.

Na baadhi ya kanda zimekwenda mbele zaidi. Mwimbaji mmoja huingia peke yake, fundi akamrudufu, akamtia mwangwi mrefu, na waitikiaji wakaambiwa hawana haja ya kuja. Ni rahisi, na gharama ni ndogo. Lakini mwangwi haujibu, mwangwi huiga. Ukisema kweli utarudisha kweli, ukikosea herufi utarudisha kosa lako. Muitikiaji ana moyo, ana niya, ana thawabu yake anapomsalia Mtume (s.a.w.), na siku nyengine akimsikia mwenzake amekosea humrekebisha. Milima ya Nabii Daud (a.s.) iliamrishwa isabihi. Programu haikuamrishwa kitu, wala haina inachokijua.

Ama kisomo cha Qur'ani, hicho ni mlango mwengine kabisa. Madda ina vipimo: ya asili ni harakati mbili, ya lazima ni harakati sita, na ghunna ina kipimo chake. Msomaji hutumia miaka kujifunza wapi pa kuvuta na wapi pa kukata. Mwangwi mrefu ukitiwa juu yake, kilichokatwa hakikatiki na kilichovutwa kwa kipimo huonekana kimepita kipimo. Tena ziko herufi tano za qalqala, nazo ni qaf, ta nzito, ba, jim na dal, ambazo zikiwa na sukuni hurushwa kidogo. Ule mrudio mfupi wa milisekunde 100 hauijui kanuni hiyo. Humpa lamu mruko, humpa mimu mruko, humpa kila herufi haki isiyo yake. Mwanafunzi anayejifunza nyumbani kwa kuigiza kanda ataigiza makosa ya mashine akidhani ni tajwidi ya sheikh. Kwa hivyo hapa rai yetu ni moja: kisomo kirekodiwe katika chumba kilicho kimya, kiachwe kama kilivyo.

Fundi atasema, “Lakini vijana wanapenda.” Kweli wanapenda, na hatuwalaumu, sikio hupenda kilichozoeshwa. Nalo likizoeshwa uwazi, hupenda uwazi. Kikundi nacho kitasema, “Sauti ya mwimbaji wetu ni nyembamba, bila ya mwangwi haitoki.” Jawabu ni kuwa mwangwi hauongezi alichonacho mtu, hukirudia tu. Sauti isiyokaa kwenye mahadhi ikirudiwa mara sita huwa imekosea mara sita. Dawa ya sauti nyembamba ni mazoezi, na kuisogelea maikrofoni kwa kiasi. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata hivyo, kukosoa bila ya kuonyesha njia ni nusu ya kazi. Walimu wanaosimamia vikundi huingia studio wakakaa kimya kwa kuona kuwa kompyuta si elimu yao. Elimu ya maneno ni yao, nao wana haki ya kuuliza. Kwa hivyo twawapa mambo manne ya kumwambia fundi.

La kwanza: mwangwi usikae juu ya kaswida nzima. Utiwe kwenye neno la mwisho la ubeti tu, na ufe kabla waitikiaji hawajaingia. Kila programu kubwa ya kurekodi yaweza kuufungua na kuufunga mahali unapotaka.

La pili: marudio yawe hafifu na yapunguzwe ukali. Herufi kama s, sh, t na k hutambulikana kwa sauti zake kali za juu. Mashine za utepe zilipoteza ukali huo kila sauti iliporudi, na kwa hivyo marudio yake yalijificha nyuma ya mwimbaji. Mwangwi wa kompyuta husafika kama sauti yenyewe, ukashindana nayo, mpaka fundi aukate ukali kwa mkono wake.

La tatu: ikiwa lazima mwangwi uwepo muda wote, utumike ule unaoinama mwimbaji anapoimba na kuinuka anaponyamaza. Programu nyingi zina uwezo huo. Huo twaweza kuuita mwangwi wenye adabu, kwani mtoto aliyelelewa hamkatizi mkubwa akisema.

La nne ni mtihani wa mwisho. Kabla ya kulipa, isikilizeni kaswida katika simu ya kawaida yenye spika moja, na mwiteni mtu asiyeyajua maneno yake, aandike anachosikia. Akiandika ubeti mzima bila ya kukwama, kazi ni njema. Akikwama, kosa si la masikio yake. Rudini kwa fundi.

Mambo haya yataonekana madogo, na huenda mtu akasema kuwa umma una mashaka makubwa kuliko milisekunde za mwangwi. Ni kweli. Lakini kaswida ni chuo cha watu wasiokwenda chuoni. Mama anayepika huku redio ikisema husomea hapo sira ya Mtume wake; mtoto asiyejua kusoma hujifunzia hapo majina ya Manabii. Neno likifunikwa, mlango huo umefungwa, na hakuna atakayegonga kwa sababu kila mmoja anaisifu sauti.

Na yuko yule mtoto wa mstari wa nyuma, ambaye sauti yake haitampa kuwa mwimbaji wa mbele maisha yake yote. Mahali pake pekee katika kaswida ni ndani ya kiitikio. Hapo ndipo alipojifunza kuingia pamoja na wenziwe, kuwangoja na kutowapita. Tukimpa mashine nafasi yake tutapata kanda ya kupendeza, na tutakuwa tumempoteza muitikiaji. Walimu na wazazi, mshikilieni mahali pake.

Wabillahi tawfiq.